Swichi yako, seva ya nani? Gharama za nyumba inayojiendesha Lac Vert

Boksi la swichi ya Wi-Fi likiandikwa dola 7, kwa mtu wa Lac Vert, Goma, hiyo ni namba isiyosema mengi. Haisemi swichi itafanya nini siku mtandao wa simu ukilala. Haisemi inakula kiasi gani cha betri usiku kucha, wala kama pampu itawaka yenyewe, tanki likiwa tupu, umeme ukikatika na kurudi mara kadhaa kabla ya saa sita mchana. Anayelinganisha vifaa kwa dola peke yake atanunua mara mbili.

Na hapa kwetu watu hawatafuti taa inayowashwa kwa sauti. Mwenye nyumba anataka pampu inayopandisha maji kutoka tanki la chini kwenda la juu isiungue, maana chini ni lava, mabomba hayachimbiwi kirahisi, na maji ya gari yameshalipiwa. Anataka betri ya sola isiishe kabla ya alfajiri. Na walio kwenye mabonde ya kuelekea Mugunga wanataka kujua kama gesi ya mazuku imeingia ndani watoto wakiwa wamelala. Kazi hizo zote zinawezekana kwa skripti fupi, yaani mistari michache ya amri inayokiambia kifaa kifanye nini, kisha ikahakikisha kwamba kimefanya. Hilo la pili ndilo wengi wanaliruka, na ndilo linalotenganisha kifaa cha kuaminika na kichezeo.

Kilicho rahisi kununua ndicho ghali kukaa nacho. Swichi na plagi nyingi za bei ya chini zinazoagizwa China zimefungwa kwenye programu ya simu ya Tuya au eWeLink, hii ya pili ikiwa ya Sonoff. Kwa kawaida amri unayobonyeza ukiwa sebuleni hutoka Lac Vert, ikaenda kwenye seva ya nchi nyingine, ikarudi kuwasha taa iliyo mita tatu kutoka ulipokaa. Ili safari hiyo iwezekane lazima ruta iwe na mega za intaneti saa zote, hata ukiwa kazini mjini. Ukipiga hesabu ya mega za mwaka mzima, swichi ya dola 7 inaacha kuwa ya dola 7.

Kisha kuna siku ambazo pesa haisaidii. Volkeno ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, sehemu kubwa ya mji ilikosa umeme. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, umeme, maji na intaneti vilikatika karibu kwa pamoja. Swichi inayotegemea seva ya mbali, siku kama hizo, inabaki plastiki ukutani hata kama paneli zako juu ya bati zina jua la kutosha.

Hata kwenye nchi ambazo intaneti haikatiki, seva yenyewe inaweza kuzimwa na mwenye nayo. Revolv, kifaa cha kuongoza nyumba kilichouzwa Marekani kwa dola 299, kilinunuliwa na Nest mwaka 2014, na tarehe 15 Mei 2016 seva zake zikafungwa. Kikabaki boksi tupu. Aprili 2022 seva za Insteon zilizimika bila wateja kuarifiwa, na watu wakagundua kwa kuona taa hazijibu. Hao walikuwa na duka la kwenda kulalamika. Wewe uliyetumiwa mzigo wako kupitia Kampala utalalamika wapi?

Kwa hiyo sharti langu la kwanza dukani ni moja: je, kifaa hiki kinapokea amri moja kwa moja ndani ya nyumba, bila intaneti? Kama jibu halijulikani, kiache.

Vinavyotimiza sharti hilo kwa bei ya kueleweka ni vya aina mbili. Kuna Shelly, za kampuni ya Bulgaria. Ile inayopima na wati, 1PM, ni kama dola 20 kabla ya usafiri. Inatoka boksini ikiwa tayari kupokea amri za ndani ya nyumba, na kuanzia kizazi cha pili unaweza kuandika skripti ukaiweka ndani ya swichi yenyewe, kwa lugha inayofanana na JavaScript. Na kuna Sonoff, ambazo ya kawaida ni dola 6 hadi 10 na ile ya kupima umeme, POW, imepita hapo kidogo. Hizi wengi huzifuta programu ya kiwandani wakaweka Tasmota, programu huru iliyoanzishwa na Mholanzi Theo Arends mwaka 2016. Tasmota haina ada, haiulizi barua pepe, na haihitaji seva ya mtu.

Tofauti ya dola kumi na kitu kati ya hizo mbili ndiyo bei ya kazi ya mikono. Kuweka Tasmota kwenye Sonoff kunataka ufungue kifaa, uunganishe waya kwa adapta ndogo ya USB ya volti 3.3, adapta ya dola 3 hadi 5, na uifanye kazi hiyo kifaa kikiwa HAKIJAUNGANISHWA na umeme wa ukutani. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu ndani ya swichi hizi waya za data na volti 220 hazijatenganishwa, na atakayezigusa zote zikiwa hai hatapata nafasi ya kujifunza. Ukiwa na swichi moja tu, lipa dola 20 za Shelly ulale. Ukiwa na sita, au una kijana nyumbani anayependa kazi hizo, Sonoff na Tasmota zinaokoa pesa za maana.

Tuya ziangalie kwa jicho la pembeni. Zamani nyingi zilikuwa na chipu ya Espressif, ile ile ya Sonoff, na Tasmota iliingia bila shida. Miaka ya karibuni kiwanda kimehamia chipu nyingine, na boksi la nje halibadiliki. Unaweza kuagiza plagi nne zenye picha moja ukapata mbili zinazokubali na mbili zinazokataa.

Sasa ubongo. Wauzaji watakuambia nyumba ya kisasa inahitaji kompyuta ndogo iwake saa 24, yenye Home Assistant, programu iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013. Ni programu nzuri sana, nami sina ugomvi nayo. Raspberry Pi 4 ilitoka mwaka 2019 kwa dola 35, Pi Zero 2 W ikatoka 2021 kwa dola 15, na boksi lililo tayari la Home Assistant Green likatoka 2023 kwa dola 99. Hizo ni bei za uzinduzi. Kwa muuzaji wa tatu utakuta nyingine. Lakini kwa Lac Vert bei kubwa iko kwenye betri.

Chukua paneli ya wati 50. Kwa saa nne za jua zuri inatoa kama wati-saa 200 kwa siku, na siku za mawingu ya mlimani ni chini ya hapo. Pi 4 iliyotulia inakula kama wati 3, yaani wati-saa 72 kwa siku. Ruta ya wati 5 inakula 120. Jumla 192. Umeshamaliza paneli nzima kulisha kompyuta na ruta, na bado hujawasha taa hata moja wala kuchaji simu. Mwenye laini ya umeme ya kuaminika, iwe ya SNEL, ya Virunga Energies au ya Nuru, anaweza kulipuuza hilo. Anayeishi kwa paneli hawezi. Kwa upande mwingine, chipu ya ESP32, ile ya dola 5 hadi 8, inakula kama nusu wati. Hiyo ni wati-saa 12 kwa siku, na inaweza kufungua Wi-Fi yake yenyewe bila ruta.

Ndiyo maana kwa nyumba nyingi za kwetu ubongo bora ni ule ulio ndani ya swichi, na ubongo wa pili, kama unahitajika, ni simu ya zamani ya Android iliyopasuka kioo. Simu ina betri yake, ina laini ya SIM, inaweza kufungua hotspot ambayo swichi zinaunganishwa nayo bila kutumia hata mega moja, na inakula wati 1 hadi 2 tu. Ndani yake unaweka Termux, programu inayokupa sehemu ya kuandikia amri kama za kompyuta. Ichukue kutoka F-Droid. Ukiongeza Termux:API, skripti yako inaweza kutuma SMS kwa amri moja, termux-sms-send, na SMS hupita hata pale ambapo mega zimekwisha. Gharama ya vifaa: sifuri, kama simu unayo kwenye droo.

Ina kasoro zake. Android hupenda kuua programu zilizokaa kimya, kwa hiyo amri termux-wake-lock lazima iandikwe mwanzo, na kikomo cha kuokoa betri kiondolewe kwa Termux kwenye mipangilio. Simu nyingine hubadilisha anwani za mtandao kila hotspot inapowashwa upya, na skripti ikabaki inapiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Betri ya simu iliyochajiwa mwaka mzima bila kuchomolewa huvimba, iangalie. Lakini kwa bei hiyo sijaona kinachoishinda.

Nisimame kwenye pampu, kwa sababu hapo ndipo skripti inapojilipa haraka. Pampu ya nyumbani ikizunguka bila maji inaungua, na pampu mpya ni pesa nyingi kuliko vifaa vyote nilivyotaja hadi hapa. Mtu anayeanza huandika skripti mbili: washa saa kumi na mbili asubuhi, zima saa kumi na mbili na dakika ishirini. Inafanya kazi wiki nzima. Kisha simu inazimika saa kumi na mbili na dakika tano, amri ya kuzima haitumwi, na pampu inaendelea.

Dawa ni kuiweka amri ya kuzima ndani ya swichi yenyewe, isitegemee mtu wala simu. Kwenye Tasmota unafungua ukurasa wa swichi, sehemu ya Console, unaandika mstari mmoja:

Backlog PowerOnState 0; PulseTime1 1300

Sehemu ya kwanza inasema umeme ukikatika na kurudi, swichi ibaki imezimwa hadi iamriwe. Ya pili inasema kila inapowashwa, ijizime yenyewe baada ya dakika 20. Hesabu yake inachanganya watu: kwa muda mrefu zaidi ya sekunde 11, PulseTime huhesabu sekunde na kuongezewa 100, hivyo sekunde 1,200 zinaandikwa 1300. Kwenye Shelly jambo hilo hilo linaitwa auto off na unalijaza kwenye fomu, bila hesabu. Baada ya hapo, skripti ya simu ikifa, hasara kubwa ni tanki la juu kutojaa siku hiyo.

Halafu ukaguzi. Swichi ikijibu ON, imesema tu kwamba kiwasho chake kimefunga. Haijasema pampu inazunguka, wala kwamba inapandisha maji. Hapa ndipo swichi inayopima wati inapostahili nyongeza yake ya bei. Pampu yako ikipandisha maji inakula, tuseme, wati 600. Ikizunguka kavu, mzigo unapungua na wati zinashuka waziwazi. Waya ukiwa umekatika, ni sifuri. Pima yako mwenyewe siku nzuri, andika namba, kisha skripti iulize dakika moja baada ya kuwasha:

curl -s -m 5 "http://192.168.8.20/cm?cmnd=Status%208"

Ile -m 5 ni muhimu kuliko inavyoonekana. Inaiambia skripti isingoje zaidi ya sekunde tano. Bila hiyo, swichi iliyopoteza Wi-Fi inaweza kuifanya skripti isubiri muda mrefu, na kazi zote za baadaye zikasubiri nyuma yake. Na jibu likikosekana, skripti isiandike sifuri. Sifuri ni kipimo. Kukosa jibu ni kutojua, na viwili hivyo vinataka hatua tofauti. Wati zikishuka chini ya theluthi mbili ya kawaida, zima na utume SMS. Jibu likikosekana mara tatu mfululizo, tuma SMS yenye maneno mengine, ili anayeisoma ajue aende kwenye tanki au aende kwenye ruta.

Jambo la umeme wenyewe: swichi ya ampea 10 haifai kubeba pampu kubwa moja kwa moja. Mota inapoanza huvuta mkondo mara kadhaa zaidi ya kawaida, na kiwasho kidogo huungana kwa joto kikabaki kimefunga. Hapo hata PulseTime haina la kufanya. Weka kontakta katikati, swichi iamuru kontakta, kontakta ibebe pampu. Fundi yeyote wa umeme mjini anaijua kazi hiyo. Ila swichi ipime waya wa pampu, si waya wa kontakta, la sivyo wati utakazosoma si za pampu. Kama swichi yako haiwezi kupangwa hivyo, nunua kipimo cha wati cha pembeni.

Mazuku ni habari nyingine, na hapa bei rahisi inaua.

Gesi hiyo ni kaboni dayoksaidi inayotoka kwenye nyufa za ardhi ya volkeno kati ya Goma na Sake. Ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, kwa hiyo hutulia mabondeni, hasa usiku na alfajiri kabla ya jua na upepo kuitawanya. Mbuzi na mbwa hufa kwanza, kwa sababu vichwa vyao viko chini. Watoto wako urefu huo huo. Kituo cha Uchunguzi wa Volkeno cha Goma, OVG, kimekuwa kikitambua mahali pake kwa miaka, na kabla ya kununua kihisi chochote swali la kwanza ni kwa OVG na kwa wenyeji: kiwanja hiki kiko kwenye bonde la mazuku? Kikiwa humo, hakuna skripti itakayokifanya kiwe mahali pa kulala.

Kwa aliye pembeni ya bonde na anataka kupima, soko limejaa mitego. Kipo kihisi cha MQ-135, cha dola 2 hivi, ambacho mara nyingi hutangazwa kuwa kinapima CO2. Hakipimi. Kinasikia moshi, amonia na mivuke mingine, na skripti inayogeuza namba yake kuwa CO2 inakisia. Vipo ving'ora vya CO vinavyouzwa kwa ajili ya moshi wa makala. Hivyo ni vya kaboni monoksaidi, gesi tofauti kabisa. Ni vizuri kuwa navyo kama unapikia ndani, lakini mazuku yatapita mbele yavyo navyo vimenyamaza.

Kinachopima kweli ni kihisi cha mwanga wa infraredi. MH-Z19 ni kama dola 20, na toleo linalopatikana zaidi linaishia kwenye sehemu 5,000 kwa milioni. Hewa ya kawaida nje ni kama 420. Elfu tano ndiyo kikomo cha mfanyakazi kwa saa nane, na 40,000 inahesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Kwa hiyo MH-Z19 inakuambia hewa imeanza kuharibika, halafu inafika ukutani. Kwa king'ora hiyo inatosha, mradi skripti ichukulie namba ya juu kabisa kuwa hatari. SCD30 ya Sensirion ni ghali zaidi ya mara mbili na inafika mbali zaidi. Anayetaka kupima bonde lenyewe anahitaji kitu kama STC31, kihisi cha kampuni hiyo hiyo kinachosoma kwa asilimia, hadi 100.

Mpangilio mmoja wa kiwandani ni wa hatari kwetu hasa. MH-Z19 hujirekebisha yenyewe: kila saa 24 huchukua kipimo cha chini kabisa ilichokiona na kukiita hewa safi. Waliounda hivyo walifikiria ofisi ambayo usiku hubaki tupu na hewa ikarudi 400. Weka kihisi hicho kwenye chumba cha Lac Vert ambacho gesi haiondoki kabisa, na baada ya siku chache kitaizoea gesi hiyo na kusoma 400 yenye utulivu. Ukitumia programu ya ESPHome kuandaa chipu yako ya ESP32, mstari wa kuzima tabia hiyo ni automatic_baseline_calibration: false. Usiwashe king'ora kabla ya kuuandika. Na kwa kuwa Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na vihisi hivi husoma chini ya ukweli; SCD30 ina mahali pa kujaza mwinuko, ujaze.

King'ora kiwe cha sauti, kiunganishwe na chipu hiyo hiyo kwa waya, kwenye betri hiyo hiyo. SMS ni ya jirani na ndugu. Anayelala hasomi SMS. Kihisi kikae kimo cha godoro, si juu ya mlango. Kihisi kisipojibu kwa dakika mbili, king'ora kilie pia, kwa mlio tofauti. Chipu dola 8, kihisi 20, king'ora na vifaa vidogo 5, betri ndogo ya kuishikilia: chini ya dola 50 kabla ya usafiri, na bado ni kifaa cha nyumbani kisicho na cheti cha mtu yeyote.

Kuna gharama moja ambayo haipo kwenye boksi lolote, nayo ni mtu. Skripti nyingi huandikwa na kijana mmoja wa nyumba, kisha kijana anaenda Bukavu kusoma, na mama anabaki na swichi inayowaka saa asizozielewa. Kabla hajaondoka, achapishe karatasi ibandikwe kando ya tanki: anwani ya swichi, neno la siri, wati za kawaida za pampu, na namna ya kuwasha kwa mkono. Kitufe cha mkono kisiondolewe kamwe, hata kikionekana cha kizamani. Na neno la siri liwepo. Tasmota hutoka bila hilo, na yeyote aliye kwenye Wi-Fi yako anaweza kuwasha pampu yako akiwa kwake.

Karatasi hiyo hiyo iwe na zoezi la kila mwezi, lisilogharimu kitu. Chomoa pampu, washa kwa simu, uone kama SMS ya wati sifuri inakuja. Zima ruta, uone kama SMS nyingine inakuja. Kisha inama, upulizie kihisi cha mazuku taratibu kwa nusu dakika. Pumzi ya mtu ina karibu asilimia 4 ya gesi hiyo, kwa hiyo kipimo kinapaswa kuruka na king'ora kulia. Kisipolia, watoto walale chumba cha juu usiku huo, na kihisi kifunguliwe kesho asubuhi.